Nani Amekusemea? Jina la Biashara Katika Mji wa Wageni

Jumatatu moja asubuhi, saa moja haijafika, jirani mmoja aliandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa Dodoma: "Habari za asubuhi majirani. Naomba namba ya fundi pampu anayeaminika, tangu juzi maji hayapandi kwenye tanki." Chai ilikuwa haijachemka, namba tisa zilishatumwa. Karibu zote zilikuja na sifa: "yuko vizuri sana huyo", "mcheki huyu hutajuta", "mtaalamu, kazi zake zimefika mpaka Mtumba". Mmoja akatuma bango zima lenye picha ya pampu mpya na maneno mekundu makubwa. Jirani aliyeuliza akakaa kimya.

Kisha mama wa nyumba ya kona, ambaye kundini huandika tu wakati wa misiba na michango, akaandika chini ya mojawapo ya namba zile: "Huyu alinifungia mwaka juzi. Ilisumbua mara moja, nikampigia, akarudi jioni ileile na hakuchukua hela. Ukimtumia akakusumbua, njoo kwangu." Haikupita dakika: "Asante mama. Nampigia huyo."

Namba tisa, sifa tele, na aliyepata kazi ni yule aliyesemewa kwa maneno mawili ya mwisho: njoo kwangu. Mama yule aliweka jina lake rehani kwa ajili ya mtu ambaye si ndugu yake. Kila ninapomsikia mfanyabiashara akilalamika kwamba ana wafuasi elfu kadhaa lakini hauzi, namkumbuka.

Inasemwa sana kwamba mitandao ya kijamii imeua mdomo kwa mdomo. Mimi naona imeuongezea miguu. Neno linalosemwa leo Kikuyu linafika Ilazo, Nkuhungu na Nzuguni kabla aliyelisema hajanyanyuka kwenye kiti. Lakini njiani limepoteza kitu kilichokuwa kikilipatia uzito, nacho ni mwenyewe. Zamani sifa ilifika na mtu wake. Ukitapeliwa, ulijua mlango wa kugonga. Sasa sifa inafika peke yake, na mlango haupo.

Dodoma ni mahali pa kulitazama jambo hili kwa karibu, kwa sababu ni mji wa watu waliofika juzi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Katikati ya sensa hizo Serikali, ambayo uamuzi wa kuhamia hapa ulikuwepo tangu 1973, ilihamia kweli kuanzia 2016, na Aprili 26, 2018 manispaa ikatangazwa kuwa jiji. Watumishi wakaja na makabati yao, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, walikuwa wameshatangulia, na nyuma yao wakafuata wajenzi, wauza vifaa, mama lishe na bodaboda.

Wengi wao wamekuja bila shangazi. Nalisema neno hilo kwa makusudi. Mtu wa Tanga akiwa Tanga, akitaka fundi wa paa au mahali pa kununua mbuzi wa shughuli, ana shangazi wa kumuuliza, na shangazi anawajua wauza mbuzi wote, na baba zao, na nani kati yao aliwahi kuuza mbuzi mgonjwa mwaka gani. Wenyeji wa hapa nao wanaye. Ukimkuta mzee wa Kigogo kijijini huanzi na bei. Unaanza na "mbukwenyi", unauliza za nyumbani, za mifugo, za mvua, na humohumo kwenye salamu ndiko unakosikia nani kapotoka na nani ananyooka. Mgeni aliyepangishwa chumba Ipagala hana hata kimoja kati ya hivyo viwili. Ana simu. Ndiyo maana makundi ya mitaa, ya ofisi, ya kanisa, ya msikiti na ya wazazi wa darasa la tatu yana nguvu hapa kuliko mabango yote ya barabarani. Yamegeuka shangazi wa watu wasio na shangazi.

Wataalamu waliliona hili mapema. Mwaka 1955 Elihu Katz na Paul Lazarsfeld walichapisha matokeo ya utafiti waliofanya kwa akina mama wa mji wa Decatur, jimbo la Illinois, Marekani, wakiwauliza wanavyoamua kuhusu bidhaa za nyumbani, mitindo ya nguo na filamu za kwenda kutazama. Wakakuta kwamba tangazo la redio na la gazeti halimwingii mtu moja kwa moja. Linapitia kwa mtu wa karibu anayesikilizwa, naye ndiye anayesukuma uamuzi. Kisha 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, mwanasosholojia Mark Granovetter akaonyesha upande wa pili: habari mpya mara nyingi hatuipati kwa marafiki wa kufa na kuzikana, kwa maana wao wanajua yale tunayoyajua. Tunaipata kwa watu tunaojuana nao juujuu, wa kusalimiana tu. Mama wa nyumba ya kona si rafiki wa jirani yule. Ni mtu wa "shikamoo mama, marahaba" akipita. Lakini yuko karibu kiasi cha kuulizwa, na hapo ndipo penye thamani.

Mimi nililijua hili kwa hasara. Nilipokuwa natafuta nyumba hapa, nilimpata dalali mtandaoni. Ukurasa wake ulikuwa umejaa picha safi: nyumba ya kujitegemea, vyumba vitatu, kimoja masta, vigae mpaka barazani, uzio, na chini yake, "maji saa 24". Nikalipa hela ya kuonyeshwa, nikaridhika, nikalipa kodi ya miezi sita na cha dalali juu yake. Wiki ya kwanza ilipoisha nikaelewa kwamba bomba la pale lilikuwa likitoa maji usiku wa siku mbili kwa wiki, na ukilala umekosa. Nikarudi kwenye ukurasa niandike walau mstari mmoja kwa atakayefuata. Sehemu ya maoni ilikuwa imefungwa.

Jioni moja nikamsimulia mama mwenye genge lililo hatua arobaini kutoka getini kwangu. Akaacha kupanga nyanya, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, si ungeniuliza? Waliokuwa humo walihama kwa ajili ya hayohayo maji." Hatua arobaini. Ukweli ulikuwa umekaa pale kwenye stuli kila siku tangu alfajiri, unauza mchicha, na mimi nilikuwa nimeinamia simu natazama vigae.

Tangu hapo nikiingia kwenye ukurasa wowote wa biashara, kitu cha kwanza ninachotazama ni kama maoni yako wazi. Anayeyafunga anasema jambo kuhusu bidhaa yake, hata kama hakukusudia. Pili natazama bei. Ule mtindo wa "bei njoo DM" una wanaoutetea, na nimewasikiliza. Wanasema washindani wanawaibia bei, au kwamba mteja akija faragha ni rahisi kuzungumza naye. Huenda. Lakini bei iliyofichwa ni bei isiyoweza kulinganishwa, na kila mteja akiambiwa yake chemba, wateja hawawezi kuambizana. Soko la Majengo muuza vitunguu anataja bei kwa sauti, na wa meza ya pili anasikia. Uwazi ule unamlinda mnunuzi, na unamlinda pia muuzaji mwaminifu, maana hakuna atakayesema baadaye kwamba alipunjwa peke yake.

Muuzaji mwaminifu ndiye anayeniuma zaidi katika habari hii yote, na nitaeleza kwa mfano wa mafuta ya alizeti.

Ukisafiri kwa basi kati ya Dodoma na Singida, au ukishuka kuelekea Morogoro kupitia Kibaigwa, utaona madumu yamepangwa kando ya lami, ya lita tano, kumi, ishirini, yanang'aa kwenye jua. Anayeuza pale anauza kwa mtu aliye ndani ya basi, dereva anapiga honi, dakika tatu hazifiki. Mnunuzi atayaonja mafuta yale akiwa Mbagala au Mwanza. Yakiwa yamechanganywa na mafuta mengine, atarudi wapi? Na yakiwa safi, atamshukuru nani? Mchumi George Akerlof, ambaye 2001 aligawana Tuzo ya Nobel ya uchumi, aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha zuri na bovu, anatoa bei ya kujikinga, yaani bei ya bovu. Mwenye zuri akipewa bei ile anaona hasara na kuondoka sokoni. Yanabaki mabovu. Mnunuzi akizidi kukuta mabovu, anazidi kushusha bei. Hivyo muuzaji mwenye mafuta yaliyokamuliwa vizuri kando ya barabara ile analipwa bei ya shaka aliyoileta mwenzake.

Safari moja nilinunua dumu ambalo ubavuni lilikuwa limeandikwa namba ya simu kwa wino mweusi, kwa mkono, na neno moja: "Piga". Nikamuuliza kijana aliyelishika kwa nini ameandika. Akaniambia, basi likiwa tayari linasogea, "Ili ukiona tatizo unipigie bosi, na usipoona pia unipigie." Nikampigia mwezi uliofuata. Sasa nikitaka mafuta natuma hela kwa simu, jina lake linatokea kabla sijathibitisha, mzigo anauweka kwenye basi, mimi naupokea stendi ya Nanenane. Nimeshampeleka kwa watu sita wa ofisini, na nikimpeleka kwa mtu nasema kama mama wa kona alivyosema. Kijana yule hana ukurasa wowote mtandaoni ninaoujua. Alichofanya ni kukubali kupatikana.

Hapo ndipo ninapotofautiana na washauri wa masoko wanaozunguka semina zetu wakifundisha namna ya "kuongeza wafuasi". Mfuasi ni mtu anayepita ndani ya basi. Wafuasi wananunulika, na kila mtu anajua wananunulika. Mteja aliyekupigia simu kulalamika na ukamsikiliza ni mtaji wa aina nyingine kabisa.

Tena kwa mfanyabiashara mdogo jambo hili lina uzito kuliko kwa mkubwa. Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alifuatilia migahawa ya Seattle, Marekani, na alama ambazo wateja waliipa kwenye mtandao wa Yelp. Nyota moja ikiongezeka, mapato yalipanda kwa asilimia 5 hadi 9. Ila ongezeko hilo lilikuwa la migahawa inayojitegemea; yale majina makubwa yenye matawi kila mahali hayakuguswa, kwa sababu watu walikuwa wameshayajua. Ukilileta hapa, ni kusema kwamba hoteli ya jina kubwa haitikiswi sana na ninavyoandika mimi, ila mama anayepika ugali na mlenda nyuma ya ofisi za Serikali anaishi au anafunga kwa yale wanayoambizana wateja wake kumi wa kwanza.

Basi na ubaya nao uko palepale. Kama neno linaweza kumjenga, linaweza kumbomoa kabla ya saa sita mchana.

Hakuna soko la sifa lenye nguvu Dodoma kama kundi la kamati ya harusi. Humo ndimo anapochaguliwa mshereheshaji, mpambaji, mpishi, mpiga picha na muoka keki, na swali huwa moja: nani ameshawahi kumtumia? Dada mmoja ninayemfahamu, anayeoka nyumbani kwake Area C, alijijengea jina lote kwa njia hiyo, kamati hadi kamati, bila tangazo hata moja. Oktoba moja, kwenye joto la mwisho wa kiangazi, keki yake ya ngazi nne ilifika ukumbini imeinama. Gari lilikuwa limekaa juani kwa sababu msafara ulichelewa. Mgeni mmoja akaipiga picha akaiweka kwenye status yake. Status hufutika baada ya saa 24, lakini picha ilikuwa imeshachukuliwa. Kufika Jumanne ilikuwa inazunguka kwenye makundi ya kamati nyingine ikiwa na maelezo ambayo hakuna aliyejua ameyaandika nani: kwamba anatumia mayai mabovu, kwamba watu waliumwa matumbo usiku ule. Hakuna aliyeumwa. Wateja watatu wakaghairi, mmoja alikuwa ameshalipa nusu.

Nilikuwa nyumbani kwake siku aliyoipokea picha ile kutoka kwa shemeji yake mwenyewe, aliyemuuliza, "Hivi hii ni kweli?" Juu ya ujumbe ilikuwepo mishale miwili midogo. WhatsApp huweka mishale ile kwenye ujumbe uliopita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa kwa zaidi ya mtu au kundi moja kwa mara moja. Mishale miwili, kwa tafsiri yangu, ni alama ya neno lisilo na mwenyewe. Watu wanaiona kila siku, na wengi bado wanaisoma kama uthibitisho, wakidhani kwamba neno lililopita kwa wengi lazima liwe kweli.

Haliko hivyo. Mwaka 2018 watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, walichapisha uchambuzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, wakilinganisha zilizothibitika kuwa za kweli na za uongo. Za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa, na ukweli ulichukua muda mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Wala haikuwa kazi ya mitambo; ni watu wenyewe walioupendelea uongo, kwa sababu uongo ulikuwa na upya na mshtuko. "Keki iliinama kwa joto" haisisimui. "Mayai mabovu, watu matumbo" inasisimua.

Lililomwokoa yule dada ni kwamba alirudi mahali palipo na watu wa kuulizwa. Hakujibu kwenye kila kundi. Alimwomba mama wa bwana harusi amruhusu aandike kwenye kundi la kamati ileile, akaandika kwa jina lake kamili: keki iliinama, amesikitika, nusu ya hela amerudisha jana yake, na habari ya matumbo si ya kweli, mwenye mgonjwa amtaje. Kisha akanyamaza. Mama wa bwana harusi akaandika sentensi tatu: "Keki tuliila, nyumbani kwangu hakuna aliyeumwa. Iliinama ni kweli. Hela amerudisha bila kudaiwa." Sentensi zile ndizo zilizoanza kutembea. Mmoja kati ya wale watatu walioghairi alirudi. Wawili hawakurudi, na ile miezi miwili ya kukaa na tanuri baridi hakuna aliyemlipa.

Wapo waliomwambia akashtaki. Sheria ipo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa uchapishaji wa taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha, na Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inamkataza mfanyabiashara kuhadaa wateja, kwa hiyo mkono mmoja wa sheria unamtazama msema uongo na wa pili unamtazama muuza uongo. Sipingi ziwepo. Ila naogopa sana mji ambao mteja aliyepewa keki iliyoinama anafikiria polisi kabla ya kufungua mdomo. Mteja akiogopa kulaumu, sifa anazozitoa nazo hazina thamani. "Yuko vizuri" ya mtu ambaye hawezi kusema "hayuko vizuri" ni sauti tupu. Mama wa kona aliaminiwa kwa sababu alisema na ubaya: ilisumbua mara moja. Mama wa bwana harusi aliaminiwa kwa sababu alikiri: iliinama ni kweli.

Ndiyo maana uchawa unatuharibia zaidi ya umbea. Umbea tumeuzoea, tunaujua sura. Uchawa umevaa nguo za ushuhuda. Mtu amelipwa, au amepewa chakula cha bure, au anatafuta kiki tu, anasimama mbele ya kamera kwenye mgahawa uliofunguliwa juzi, anafumba macho kwa utamu kabla kijiko hakijagusa ulimi, na hasemi kwamba amelipwa. Ukurasa wa pili unabandika picha za mazungumzo ya simu, "asante dada nimeupenda mzigo", majina yamefichwa, tarehe zimefichwa. Tunaita mrejesho. Mrejesho wa nani? Marekani wameona ubaya wa jambo hili kiasi cha kutunga kanuni ya kupiga marufuku kuuza na kununua maoni ya uongo ya wateja, iliyoanza kutumika Oktoba 2024. Kwetu nadhani dawa ya kwanza iko mikononi mwa wauzaji waaminifu wenyewe: anayetangaza kwa malipo aseme amelipwa, na ushuhuda uwe wa mtu aliyekubali kutajwa na kuulizwa. Kumi wa namna hiyo wanatosha. Wanazidi elfu kumi wasiojulikana.

Na kuna jina lingine linalochafuliwa au kusafishwa pamoja na haya yote, nalo ni la mahali. Zabibu za hapa, za Hombolo, Mpunguzi na Makutupora, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa hawezi. Mkulima aliyekosa mnunuzi wa zabibu mbichi hukamua, akahifadhi mchuzi wa zabibu akingoja viwanda. Kazi ni ngumu na bei inayumba. Halafu mtu mmoja asiye na shamba anachanganya sukari, rangi na pombe, anajaza kwenye chupa zilizookotwa, anaandika Dodoma, anauza kwa abiria. Aliyekunywa akaumwa kichwa hasemi "nilikunywa ya fulani". Anasema, na anaandika, "mvinyo wa Dodoma ndivyo ulivyo." Mkulima wa Mpunguzi, ambaye hajui hata kama neno hilo limeandikwa, ameshapoteza kitu. Ndivyo inavyokuwa kwa kuku wa Singida na asali ya Manyoni pia. Jina la mahali ni kisima cha wote. Halina mwenye kulilinda peke yake, na kila mmoja ana ndoo.

Tangu Julai 2024 treni ya SGR inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Nawaona abiria wakishuka stesheni na simu mkononi, wanauliza wapi pa kula kuku, wapi pa kupata mvinyo wa kweli wa kupelekea wakwe. Wanauliza ukurasa, ukurasa unawajibu kwa picha. Natamani wafanyabiashara wetu waweke ndani ya picha zile kile alichokiweka kijana wa mafuta kwenye dumu: jina la mkulima, kijiji, mwezi wa mavuno, na namba inayopokelewa hata kama anayepiga amekasirika. Hilo halihitaji mtaalamu wa masoko. Linahitaji mtu aliye tayari kupigiwa.

Nirudi kwa pampu. Ilifanya kazi miezi saba, kisha asubuhi moja ikanguruma na kunyamaza. Jirani hakuandika kitu kundini. Alivaa kandambili akaenda nyumba ya kona. Nilikuwa genge, nikawaona wamesimama getini, mama ana khanga begani na simu sikioni. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, sasa sikiliza. Ile pampu ya jirani yangu imekufa. Uje leo. Mimi ndiye niliyekusemea." Saa nane mchana pikipiki ya fundi ilikuwa imeegeshwa chini ya mwarobaini, na mama alikuwa ameleta stuli yake, amekaa palepale mpaka maji yakapanda.